Minyoo Isiyosikia Dawa

"Minyoo ya ini langu ilikuwa sugu, mjukuu wangu. Ilikunywa dawa ya kwanza kama chai," bibi alimwambia muuza nyama aliyeketi naye basini. "Daktari akanibadilishia. Leo nimepimwa, hamna hata mmoja."

Muuza nyama, anayetupa maini yenye minyoo kila wiki, alifurahi kana kwamba amepona yeye. Kisha akachungulia kikapu cha bibi. "Hizo mboga za kijitoni si ndizo zilizokuambukiza, kama nyasi za huko zinavyoambukiza ng'ombe?"

"Ndizo. Mbichi zina utamu wake."

"Zichemshe, bibi. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Sikio langu zima. Minyoo ndiyo iliyokuwa haisikii."

"Na ikirudi, dawa ya tatu utaitoa wapi?"

Basi lilisimama. Bibi aliteremka na kikapu chake, akageukia dirishani. "Haya, nitachemsha nusu."