Uso Wangu Msiwape

Everline, zima hiyo televisheni, maana nikijiona pale nikiua watu sitaweza kusema nanyi kwa utulivu. Na wewe Sheldon, vuta kiti uketi karibu, wacha kuchezea hiyo kalamu. Wanangu, mimi baba yenu Mwaniki bado nina akili zangu timamu, na ninayoyasema leo ndiyo mtakayoyafuata nikishafumba macho.

Nyumba hii ya Carrollton ni yenu nyote wawili. Cherehani ya marehemu mama yenu ni ya Everline. Ile tuzo iliyo juu ya friji mpeni yeyote anayeitaka, na kama hakuna, ya kuzuia mlango inafaa.

Lililonikalia rohoni ni karatasi ile uliyoiacha juu ya meza ya jikoni, Sheldon, ukidhani mgonjwa hafiki jikoni. Kampuni ya sinema inataka uso wangu uendelee kuchezwa na kompyuta nikiwa kaburini. Mwaka jana walinikalisha kwenye chumba cheupe, kamera zikanizunguka pande zote, nikaambiwa nicheke, nikasirike, nilie, na mimi mjinga nikadhani ni picha za matangazo. Nikiwa hai siwezi kuwakatalia, kwa sababu mwaka wa tisini na nne nili-sign kwamba kila watakapomtaka jenerali wao nitakwenda. Nikifa mkataba unakufa nami, na wakitaka kuendelea ni lazima nyinyi mtie sahihi. Yaani mlango wa kutokea upo mmoja tu, na siwezi kuufungua mwenyewe.

Nilikuja Texas kusoma uhandisi, nikaishia ku-drive basi dogo la uwanja wa ndege. Siku moja abiria alinisikia nikigombana na mkubwa wangu kwenye redio, akasema sauti hiyo ndiyo anayoitafuta. Kumbe ni mwongozaji wa sinema. Akanipa dakika mbili za kuwa jenerali katili wa nchi isiyo na jina. Jenerali mwenyewe pia hakuwa na jina, mwongozaji akaniambia, nipe jina la kweli la Kiafrika, la mtu wa kuogopwa. Mtu pekee niliyemwogopa maishani ni baba yangu, mpima maziwa wa chama cha ushirika huko Nyeri, aliyenyamazisha nyumba nzima kwa kukohoa tu. Nikataja jina lake, Nderitu. Nilidhani namheshimu, wanangu, naapa nilidhani hivyo.

Zile dakika mbili zikapendwa, zikazaa sinema tano, na dunia nzima ikajua Jenerali Nderitu anachinja watu. Nanyi mnajua desturi yetu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Wewe Sheldon ulikuwa Nderitu kabla hujawa Sheldon. Shuleni walikuita muuaji, wakakimbia ukiingia darasani, na ulipofika miaka kumi na miwili ukaniambia mezani, “Dad, that's not my name anymore.” Nikakununia siku tatu, mimi niliyeliharibu. Nyanya yenu naye aliwekewa kaseti ya sinema hiyo nyumbani kwa mchungaji, akalisikia jina la mumewe, akainuka akaenda kukamua ng'ombe. Tangu hapo nikimpigia simu huniuliza nimekula nini, basi.

Msidhani sikujaribu kutoka. Niliomba kuigiza daktari, mwalimu, hata mpishi. Walinitazama kwa upole wakaniuliza kama naweza kuja na bereti ya jenerali.

Sinema ya tatu tuliifanyia kwenye vinamasi nje ya Houston. Asubuhi yakaja mabasi kutoka mtaa wa Alief yamejaa Wakongo, wakimbizi wa kweli waliolipwa ili wanikimbie mimi. Kulikuwa na mama mmoja wa Bukavu, Généreuse, mfungaji mizigo wa ghala. Niliposhuka kwenye gari la jeshi alianguka kifudifudi akalia hadi akakosa sauti, na mwongozaji akapiga makofi. Nikavua bereti nikamwendea, nikamwambia, mama, huu ni mchezo tu. Akanijibu, “Najua ni mchezo, baba, lakini miguu yangu haijui.” Kisha akauliza, huyu mwenye kutukimbiza wanamwita nani? Sikuweza kulitamka jina la baba yangu mbele ya yule mama.

Na bado nilirudi kazini kesho yake, na mara mbili tena baadaye. Niliwaogopa mawakili, ndiyo, lakini pia nilipenda pale kanisani Wakenya wenzangu wanaponipisha kiti cha mbele wakiniita Jenerali. Nisiwadanganye nikiwa katika hali hii.

Sheldon, usinieleze habari za karo ya watoto. Naijua karo, nimevaa bereti miaka kumi na minne kwa sababu yake. Hapana. Msiwape. Mkiwapa, baba yangu ataua watu hata wajukuu zenu wakizeeka, na mimi nitakuwa nimefungwa mle ndani sina hata mwili wa kuchoka. Siku ya kunizika mchungaji asitaje sinema. Aseme Mwaniki alikuwa mwana wa Nderitu mpima maziwa, mtu ambaye hakumpiga mtu kofi.

Everline, niinue kidogo. Hapo. Siku naondoka Nyeri baba alinitemea mate viganjani, ndivyo kwetu wazee wanavyobariki. Nataka niwabariki hivyo, lakini kinywa kimekauka. Nipe maji, kijiko kimoja tu.

Wewe kwanza, Everline. Uwe na amani, nyumba yako isikose... isikose watu wa kucheka. Haya.

Sasa wewe. Nderitu.

Nderitu, nakuita wewe.

Umeitika. Nimekusikia, umeitika. Basi weka hiyo kalamu chini, baba yangu, nataka kiganja kitupu. Lete karibu. Karibu zaidi, sioni vizuri.

Hivyo. Usipanguse.