Fundi Kiraka Anakabidhi Spana

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya shamba letu la miti, Fundi Kiraka anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Karakana itabaki, misumeno itabaki, na ile redio yake inayoshika stesheni moja tu nayo itabaki, kwa kuwa tumeulizana na hakuna aliye tayari kuibeba.

Kamati ya sherehe imenitwisha mimi kazi ya kuandika wasifu huu. Mimi ni mkata miti, uandishi si fani yangu. Lakini nimemwoa dada yake, na kamati iliona kwamba shemeji mtu ndiye pekee anayeweza kumsema Fundi hadharani na bado akakaribishwa chai nyumbani kwake. Hilo la chai tutaliona baada ya sherehe.

Alianza hapa kama mfagiaji. Wafagiaji wengine walikuwa wakizoa skrubu zilizoanguka pamoja na vumbi, na kutupa vyote. Yeye aliziokota, akazifuta, akazipanga kwa ukubwa kwenye makopo ya rangi, kisha akawa anawafuata mafundi kuwauliza hii ni ya wapi na ile ni ya wapi. Mafundi walichoka. Wakamshauri msimamizi wa wakati ule ampe spana ili wapate kufanya kazi kwa amani. Akaanza na pampu za maji, akahamia kwenye matrekta, na mwisho akafika kwenye misumeno ya mnyororo, ambako ameng'ang'ania hadi leo.

Tumseme basi. Fundi ni bahili. Si wa mfukoni, kwani wanangu wakimwona mjomba wao wanajua kuna kitu mfukoni. Ubahili wake ni wa vyuma. Hakuna skrubu iliyokufa mbele yake, hakuna waya mfupi mno. Mama wa stoo anasema katika miaka yote alimzoea Fundi akija kurudisha vitu, si kuchukua. Aliwahi kutengeneza saa ya ukutani ya mhasibu, akaifunga, zikabaki skrubu mbili mezani. Saa inatembea vizuri mpaka leo. Fundi anashikilia kwamba waliozitia hizo skrubu kiwandani ndio waliokosea, na yeye amewasaidia tu.

Ubahili huohuo ndio uliompa jina, na hapo ndipo na mimi ninapoingia.

Kwa wenzetu wa ofisini ambao msumeno wanausikia tu kwa mbali: injini inazungusha gia, gia inavuta mnyororo wenye meno, na mnyororo unakimbia kuzunguka bapa refu la chuma. Ukikazwa kupita kiasi unaungua na kukwama. Ukilegea unachomoka, na ukishachomoka hauulizi mguu ni wa nani. Kwa hiyo mkazo wa mnyororo ndio usalama wa mkataji. Fundi alikuwa akiupima kwa kuinua mnyororo kidogo katikati ya bapa kwa vidole viwili, akiguna ndani kwa ndani. Akiguna mara moja, msumeno umepita.

Msimu mmoja nilipewa msumeno ambao ulikuwa unanisumbua. Mnyororo unakimbia vizuri, mara unabana, mara unalegea, ndani ya mzunguko uleule. Nikaurudisha karakana. Fundi akainua kwa vidole viwili, akaguna, akanirudishia. Nikaurudisha tena. Safari hii alinieleza kwa upole, mbele ya watu, kwamba tatizo ni mkono wangu: nakaza mnyororo ukiwa wa moto, ukipoa unafupika na kubana, halafu nakuja kumlaumu yeye. Ni kweli kosa hilo lipo na wengi hulifanya. Mimi sikuwa nimelifanya.

Wiki hiyohiyo mnyororo ukachomoka. Ulichana ovaroli yangu kuanzia gotini kwenda chini, ukaiacha ngozi nzima. Msimamizi alipouliza karakana, jibu lilikuwa lilelile: msumeno ni mzima, mkono ndio mbovu. Nikavuliwa kazi ya msituni, nikapelekwa getini kuinua na kushusha boriti, na mwisho wa mwezi iangaliwe kama nina nafasi tena hapa.

Niliumia. Geti halina ubaya, lina kivuli na gazeti la jana. Niliumia kwa sababu neno lililonitoa msituni lilitoka kinywani mwa shemeji yangu. Mimi ni mkata miti, sijui kazi nyingine, na nyumbani walikuwa wananitegemea kwa kazi hiyo. Mke wangu naye alinuna. Akawa akimpigia kaka yake simu, anauliza hali ya wifi yake na watoto, anaulizia hata kuku, kisha anakata. Hali yake Fundi hakuiuliza.

Sasa, wengine wangeachia hapo. Msumeno umeguniwa, mwenye kosa yuko getini, maisha yanaendelea. Lakini Fundi huyu ana ugonjwa wa kutolala na jambo. Aliuchukua ule msumeno, akaufunga mezani, akaanza kuuvuta mnyororo kwa mkono, taratibu, pingili kwa pingili. Na kweli, mahali fulani ulibana. Akavuta, ukalegea. Akavuta, ukabana tena. Alichotaka kujua ni kama mahali panapobana ni palepale kila mara. Akaweka alama ya chaki, mafuta yakaifuta. Akaweka ya kalamu, ikafutika nayo.

Kesho yake akaja na chupa ndogo ya rangi nyekundu ya kucha, mali ya mke wake, ambayo hakuiombea ruhusa. Akapaka pingili moja. Akazungusha duara zima, akiinua mnyororo kila hatua, si katikati tu kama alivyozoea. Kila ile pingili nyekundu ilipofika kwenye ncha ya bapa, mnyororo ulibana. Akabadilisha gia, mambo yakawa yaleyale. Akageuza bapa, yakawa yaleyale. Ubovu ulikuwa unatembea pamoja na rangi. Ulikuwa ndani ya mnyororo wenyewe.

Na mnyororo ule aliutengeneza yeye. Alikuwa na vipande viwili kwenye droo moja: kimoja kipya, kilichobaki, na kingine kilichokwisha tumika msimu mzima. Ubahili ukamwambia aviunge. Akaviunga, akavisugua vikang'aa, usingeweza kutofautisha. Lakini pingili zilizotumika huwa zimelika na kuvutika. Ukizilaza kando ya mpya kwa idadi sawa, zinazidi urefu. Zikipita kwenye gia hazikai sawa, zinapanda na kubana. Zikipita mpya, mnyororo unalegea. Vidole vyake viwili vilikuwa vikipima mahali pamoja tu, na hapo palikuwa sawa siku zote.

Asubuhi iliyofuata, tulipokusanyika kugawiwa kazi, Fundi aliomba nafasi ya kusema. Alishika ule mnyororo juu, wote tukiuona na doa lake jekundu. Akasema kiraka ni chake, ubishi ni wake, na mkono wa shemeji yake hauna kosa. Akasema kama kuna wa kukaa getini, basi yeye anajua njia. Hakutafuta maneno mazuri.

Msimamizi alinirudisha msituni siku ileile. Fundi aliniletea msumeno mwenyewe, ameubeba begani, una mnyororo mpya kutoka stoo, ambako mama wa stoo, kwa kumwona akichukua kitu, ilibidi akae chini. Nilikuwa bado nimeshika boriti. Nikamwambia geti halifunguki kwa mtu asiye na kibali. Alisimama pale juani, akasubiri mpaka nilipocheka.

Tangu siku hiyo jina likamkaa, na hakulikataa. Ameliandika mwenyewe kwenye kikombe chake. Na tangu siku hiyo hakuna msumeno unaotoka karakana bila doa jekundu na duara zima. Mke wake anatuambia amekuwa akinunua rangi za kucha kwa miaka mingi na hakuna chupa hata moja iliyowahi kuishia kwenye kucha zake. Karakana nzima imejifunza hivyo, na katika miaka yote iliyofuata hakuna mnyororo uliochomoka kwa mkazo mbaya katika shamba hili. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa, na ilianzia kwenye aibu yake mwenyewe.

Shemeji, sasa nakugeukia wewe. Wiki iliyopita ulinikabidhi msumeno wa mwisho kupita mikononi mwako. Ulikuwa na doa, uliuzungusha mbele yangu, ukaguna. Nilipofika msituni niliuzungusha tena, duara zima, kabla sijauwasha. Usinune. Wewe ndiye uliyesimama mbele ya watu ukatufundisha kwamba hata mguno wako unapaswa kukaguliwa.

Ulikuwa sawa kila mahali.

Wote wa karakana na wa msituni tunakushukuru, na tunakuombea mapumziko marefu yenye afya, wewe na mwenye rangi zake za kucha. Jumapili ninakuja kunywa chai. Ninakuja kwa miguu, yote miwili.