Dari Imeshuka, Nami Nimeingia

Wapendwa, jina la Bwana litukuzwe! Litukuzwe tena! Mimi ni Mama Neema, mke wa Yohana mkata mkonge, tunakaa huku juu, njia ya Maramba. Wengine mnanijua kama yule mama aliyetoka mbio kanisani katikati ya mahubiri. Ndiye mimi. Chekeni tu, leo hata mimi nacheka.

Ndugu zangu, mnazijua nyumba zetu. Jiko katikati, juu yake dari ya miti, na juu ya dari mahindi ya mwaka mzima, ili moshi uyafukuzie wadudu. Ndivyo walivyojenga wazee wetu. Nami nilijivunia dari yangu, maana ilijaa magunia kuliko za wenzangu.

Siku ya tetemeko nilikuwa nimebandika maharage. Neema, mwanangu wa pekee, alikuwa bado ananyonya. Akalia, nikambeba nikatoka naye uani kumwonyesha kuku. Mara nikasikia ngurumo chini ya miguu. Ardhi ikatikisika, na ndani ya nyumba, kishindo! Dari yote ilikuwa imeangukia jiko na kigoda changu, pale pale tulipokuwa tumekaa. Mungu wangu!

Bwana alituokoa mwili siku ile, lakini hofu ilibaki. Yohana alifunga miti upya, akapandisha magunia. Mimi nikifika mlangoni nikatazama juu, moyo unanienda mbio, pumzi inakatika, mikono inakufa ganzi. Nadhani ndiyo nakufa hivyo! Lori la mkonge likipita barabarani, ardhi ikitetema kidogo tu, mimi huyo nimeshatoka na mtoto. Ndivyo nilivyowakimbia hapa, nikamwacha mchungaji na neno mdomoni. Wengine walisema nina pepo. Wengine walisema imani yangu haba.

Nikahamia uani, kwenye kibanda cha makuti. Mvua za vuli zikaja. Neema akaanza kukohoa, kifua kikawa kinamlia. Dresa, yule anayetutibu pale zahanati, alinikaripia mbele za watu: mtoto huyu akilala tena kwenye unyevu, utamzika. Nikarudi nyumbani nalia. Nikasimama mbele ya mlango wangu mwenyewe, mtoto anahema kwa shida, na miguu ikakataa! Nikapaza sauti, "Bwana, niingize! Mwanangu anakufa!"

Aliyetoka ni mama mkwe wangu, tunayekaa naye. Mdomo wake mnaujua. Hakunipa pole wala nini, alimchukua Neema akaingia naye ndani kwenye joto. Mimi nikabaki nje, maziwa yananidondoka, namsikia mwanangu analia upande wa pili wa ukuta. Wanawake wenzangu, uchungu ule mnaujua. Mtoto alipotulia, mama mkwe akarudi mlangoni akasema, "Mkwe wangu, ile dari hata mimi naiogopa tangu nilipoolewa. Maombi tutaomba, na dari tutaishusha."

Yohana akaguna. Mahindi tutaweka wapi? Wenzake watasemaje, mwanamume kubomoa dari ya baba yake?

"Baba yako aliijenga juu ya kichwa changu, si chako," mama yake akamjibu. Basi, maneno yakaisha.

Asubuhi ndugu wa kanisa mlikuja na mapanga na kamba, Mungu awabariki! Mlijenga jiko la nje, mahindi yakahamia huko na moshi wake. Ndani hakikubaki kitu juu ya vichwa vyetu, na njia ya mlangoni ikaachwa wazi. Tukapatana: ardhi ikitikisika, mimi nachukua mtoto, nashika mkono wa mama, tunakwenda uwanjani, mbali na kuta na minazi.

Kisha mama mkwe akaniwekea kigoda kizingitini. "Imba," akasema. Tuliimba polepole, pumzi moja mstari mzima. Moyo ukipiga, niuache upige, niendelee kuimba. Kila siku alisogeza kigoda ndani kidogo, akinitania kwamba kuku wake wanaingia upesi kuliko mimi. Mpaka siku moja nikajikuta nimekaa kitandani, Neema kifuani ananyonya. Nililia, ndugu zangu! Nililia kwa furaha!

Tetemeko dogo lilirudi baadaye, wote mlilisikia. Nilitetemeka, sitaki kuwadanganya. Lakini nilimbeba mtoto, nikamshika mama mkono, tukatoka huku tunaimba. Ardhi ilipotulia tukakaa kwanza uwanjani, Yohana akakagua kuta. Kisha nikarudi ndani kwa miguu yangu mwenyewe! Asante Yesu!

Neema yule pale, anavuta kanga ya bibi yake. Kifua kimepona. Hofu bado hunijia siku moja moja, nami naimba mpaka ipite. Wewe uliyekaa nje ya mlango wako leo, na unaona haya kusema, Bwana hakucheki. Mwite, na mikono atakayokutumia usiisukume, hata kama ina mdomo kama wa mama mkwe wangu.

Basi leo ibada ikiisha, nawaalika wote kwangu, kuna ugali na mchicha wa nazi. Naona mvua inakuja. Isiwatie wasiwasi. Nitawakaribisha ndani.