Nyumba Yenye Kufuli Makongeni

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu Kavata Nzioki, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1983 hapa Ngoliba, kifungua mimba wa Mzee Maluki na Mama Mukonyo, akasoma msingi papa hapa na sekondari mjini Thika, na mwaka 2005 akahitimu stashahada ya uchoraji ramani.

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na Bwana Mulei, wakaishi Ruiru, wakajaliwa Mourine na Mbuvi.

Mwaka 2017 aliajiriwa na mradi wa kuchunguza jinsi watoto wa mjini wanavyoumia, ambapo nyumba chache zilichaguliwa kwenye ramani kwa bahati nasibu ziwakilishe zote, kuanzia mtaa wa Membley kule Ruiru hadi Makongeni mjini Thika, naye akawa anabisha hodi, anauliza nani aliungua, nani alianguka, na kutia alama penye hatari. Nyumba iliyochaguliwa haibadilishwi, ikiwa imefungwa inarudiwa mara tatu. Alasiri ya tarehe 6 Novemba 2019, huko Makongeni, alikuta kufuli, mvua inakuja, miguu imechoka, akajaza fomu kwenye nyumba ya jirani badala yake, wala hakurudi. Nyuma ya nyumba ile palikuwa na shimo la choo lisilo na kifuniko, na wiki tatu baadaye mtoto wa miaka minne alitumbukia humo akafa. Kavata alipokwenda kuhani, mama wa mtoto huyo, aitwaye Ngendo, alimuuliza kama si yeye aliyeonekana akigonga, na mbona hakurudi.

Aliungama kwa wakubwa wake, akabaki kazini, lakini woga haukumtoka tena, hata kwenye harusi aliacha chakula mezani akazunguke nyuma ya nyumba kutafuta mashimo, nasi tulimcheka, jambo tunalolijutia.

Januari 2024 alipatikana na saratani ya tumbo, akafariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi, hospitalini Thika. Kifo alikizungumzia kwa utulivu, ila kaburi lilimtetemesha, shimo wazi katika boma lililojaa watoto, akamwapisha Mulei lichimbwe asubuhi ya mazishi na lisiachwe bila mtu hata dakika moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ruiru, wenzake wa mradi, na Mama Ngendo, ambaye tangu saa moja asubuhi ameketi ukingoni mwa kaburi na amekataa kupokewa zamu. Hofu ya dada imenishika hata mimi, kwa hiyo kila mzazi amshike mtoto wake mkono tunapoelekea kaburini.

Pumzika kwa amani, Kavata, shimo lina mtu.