Wakili wa Sura Isiyo na Meno

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, kifungua mimba wa fundi bomba na mshonaji. Alikuwa na miaka tisa askari wa manispaa walipobomoa nyumba yetu tukiwa ndani tunakunywa chai. Baba alisimama mlangoni, wakamvunja taya kwa rungu. Dada alimng'ata mmoja wao mkono hadi damu ikatoka.

Alisoma kwa taa ya chemli, nyumba ya kupanga hadi nyumba ya kupanga, akahitimu sheria mwaka 1995 na kufungua ofisi juu ya duka la vipuri.

Katiba yetu ina sura inayoitaka serikali ielekeze sera zake kwenye makazi, maji na elimu kwa wote. Sura hiyohiyo inasema hakuna mahakama itakayoilazimisha kutekeleza. Mawakili wenzake waliiita sura isiyo na meno. Yeye alishikilia kwamba jaji akikuta sheria nyingine yenye maana mbili, achague ile inayoelekea huko.

Mwaka 1999 aliolewa na mwalimu wa hisabati, aliyeahidi mbele yetu kuosha vyombo kila Jumapili. Mwezi wa pili wa ndoa akaacha. Dada akamwambia, "Kwa ahadi hiyo sikushtaki. Ila ukisema unanipenda, neno hilo nitalitafsiri kwa kutazama sinki." Shemeji alirudi kwenye sinki, na hakuondoka tena.

Mwaka 2017 askari wa manispaa walibomoa sehemu ya mtaa wa nyuma ya machinjio. Mzee mmoja alifukiwa na ukuta wake mwenyewe. Mjamzito alipigwa hadi mimba ikatoka. Dada akaenda mahakamani. Sheria ya mipango miji ilitaka watu waondolewe kwa "utaratibu unaofaa", na manispaa ikadai ilani ya siku moja inatosha. Tarehe 2 Agosti 2019 jaji aliamua kwamba sura ile haimpi mtu nyumba, lakini neno "unaofaa" haliwezi kusomwa kana kwamba sura haipo. Bila ilani ya miezi mitatu na mahali pa kwenda, ni marufuku kubomoa.

Tarehe 22 Januari mwaka huu, alfajiri, tingatinga lilirudi mtaani hapo bila ilani, kubomoa nyumba zilizobaki. Dada alisimama mbele yake, hukumu mkononi. Kamanda wa askari akamwamuru aondoe makaratasi yake.

"Isome kwanza," dada alisema. "Ukimaliza, nipige."

Hakuisoma. Rungu la kwanza lilitua sikioni, la pili kisogoni. Alipoanguka walimkanyaga kifua, nami nimeshikwa hatua kumi tu kutoka pale. Dereva wa tingatinga alipoona hivyo, alizima injini, akashuka na kwenda zake na ufunguo.

Dada alilazwa siku kumi na moja, mbavu sita zimevunjika, fuvu limepasuka. Alizinduka mara moja, akaniuliza, "Nyumba je?" Nikamjibu zimesimama. Alifariki tarehe 2 Februari.

Ameacha mume, mabinti wawili, mama yetu mzazi, sisi wadogo zake watatu, na kesi dhidi ya kamanda, itakayotajwa Jumatatu ijayo saa tatu asubuhi.

Pumzika, dada. Jumatatu tutakwenda sisi.