Mama Barafu Anakabidhi Funguo za Friza

Baada ya miaka thelathini na miwili kazini, tarehe 30 Juni mtunza sampuli wa maabara yetu, Mama Barafu, anastaafu. Alianza kwa kuosha vioo, chumba kikiwa na friza moja yenye kelele. Leo friza ni nne, na zote zinamtii.

Nani hajahesabiwa naye? Ukifungua friza tu, anaanza: moja, mbili, tatu. Kumi ikifika uwe umefunga. Siku moja alimhesabia mkuu wa maabara mbele ya wageni. Mkuu akafunga kwenye tisa, miwani ikabaki ndani.

Mimi mfagiaji, niliyeishia shule ya msingi, ni yeye aliyenieleza tunachotunza humo. Ndani ya seli za mwili kuna protini ambayo ni hamali. Inapokea mzigo, inaupeleka unakotakiwa, inarudi kuchukua mwingine. Ikiwa na kasoro mizigo inarundikana, na mtoto aliyezaliwa nayo hivyo anaumwa. Wataalamu wetu wanaichunguza, wakitafuta dawa; Mama Barafu anailinda isiharibike.

Mwezi wangu wa kwanza nilichomoa plagi ya friza ili nichomeke mashine ya kung'arisha sakafu. Nikang'arisha kweli kweli, nikakimbilia nyumbani kunyonyesha. Plagi nikaiacha chini. Asubuhi Mama Barafu akakuta maji sakafuni, kazi ya miezi minane inayeyuka. Nilipofika na kuona, nikaanza kulia. Akanitwisha ndoo ya barafu yenye vichupa: “Beba, mwanangu. Utalia baadaye.” Tukapanda ngazi mbilimbili hadi friza ya ghorofa ya juu. Kati ya vichupa arobaini, tuliokoa thelathini na vinne.

Mkuu alitaka niondoke siku hiyohiyo, nami nina mtoto wa miezi mitano na sina kazi nyingine. Mama Barafu akamwambia, “Huyu harudii tena maisha yake yote. Huyo mpya utakayemleta, tunamjua?” Nikabaki. Tangu hapo kila mchana alinikalisha kando yake, nikajifunza kusoma lebo, kupima baridi na kujaza daftari la friza.

Wiki iliyopita alinipa funguo. Nikamwambia naogopa. Akasema uoga nibaki nao, utanisaidia, ila funguo nishike.

Asante, Mama. Sote tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na chai unayoimaliza bila kuitwa. Jumatatu saa mbili kamili nafungua mwenyewe. Usije kuchungulia. Lakini simu usiizime.