Eucabeth Mong'ina na Stima ya Pikipiki Zilizoegeshwa

Bwana asifiwe. Mimi ni Dolphine, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Eucabeth Mong'ina.

Mama alizaliwa tarehe 9 Machi 1971 mjini Migori, mtoto wa nne wa mzee Ombati na mama Nyasuguta, waliotoka Kisii kuja kuuza ndizi, akasoma hapo hapo Migori hadi kidato cha nne, kisha akasomea ufundi wa umeme Kisumu, msichana pekee darasani, akahitimu mwaka 1993. Aliajiriwa katika hospitali ya misheni huku Homa Bay, ndipo akakutana na baba yetu, Javan Odhiambo, wakafunga ndoa tarehe 18 Agosti 1996, na Mungu akawajalia watoto watatu, mimi, Austine na Emmaculate.

Mwaka 2023, pikipiki za umeme zilipozidi mjini, mama aliziona zimeegeshwa betri zikiwa zimejaa, huku laini ya mtaa ikilemewa kila jioni watu wakianza kupika. Akaomba kibali, akafungua kibanda ambapo pikipiki ingechaji mchana na kurudisha stima kidogo kwenye laini jioni. Wanabodaboda walikataa.

Mwenyekiti wao, Okari, alimwambia, "Mama, ukininyonya betri, asubuhi nitabebaje watu?"

"Tutakuachia ya kukutosha," mama akamjibu. "Wewe angalia yangu kwanza."

Pikipiki ya mama ilitangulia peke yake kwa miezi miwili, hadi Okari akaleta ya kwake, na wenzake wakamfuata, na mtaa ukapika bila taa kufifia.

Februari 2025 mama aliugua mapafu, akaruhusiwa kurudi nyumbani na mashine ya oksijeni. Mwezi wa Aprili mvua ikaangusha nguzo, stima ikapotea, na kabla baba hajamaliza kueleza kwenye simu, wanabodaboda walikuwa wameingia uani, wakazichomeka pikipiki zao kwa zamu kuendesha ile mashine, wakaacha kazi mpaka nguzo ikasimamishwa.

Mama alitaka kuwashukuru, Okari akamkatiza, "Usiongee, Mama. Wewe pumua tu."

Kwa sababu yao tulikaa naye hadi Juni, Emmaculate akawahi kumletea mjukuu amshike. Alilala tarehe 14, hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, mafundi wenzake, kanisa, na ninyi wanabodaboda mliosimama pale nyuma, tafadhali sogeeni mbele mkae na familia.

Mama, wa kwenu Wakisii wanasema mbuya mono, wa kwetu Waluo wanasema erokamano, yaani asante sana. Pumzika hadi Bwana atakapokuita.